Gauni la Mpiga Gitaa wa Chachandu

Nguo ya mtu anayepiga gitaa haipimwi mikono ikiwa imening'inia. Ukimpima hivyo utamshonea nguo ya kusimama nayo foleni, na siku akipanda jukwaani itachanika mgongoni mbele za watu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo mnaloniuliza kila mkija kwangu hapa Buguruni na simu zenu, mnanionyesha picha, "Bibi, tufundishe kushona kama hii." Picha haina mgongo. Kaeni chini niwaambie, na mwenye haraka aende Mchikichini akanunue mitumba, ipo mingi na mizuri.

Shule niliishia darasa la nne. Baada ya hapo nimekaa kwenye cherehani mpaka macho yalipogoma kuona tundu la sindano. Kazi nilifundishwa na Mzee Kanti, Mhindi aliyekuwa na duka la ushonaji Kariakoo, kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi. Nyingine nilifundishwa na Mwanaidi, mwimbaji wa bendi ya Chachandu, ambaye hakujua kushona hata kifungo.

Mzee Kanti alikuwa mtu wa kufunga kwake na kusali kwake, hali nyama, na hapendi soga dukani. Lakini mteja akiingia, alimfanya achezeshe mwili wote. Mwenye bucha alimwambia ainue mkono kama anakata mfupa. Mama lishe alimwinamisha kama anafunua sufuria. Siku moja alikuja mwalimu wa kwaya kutaka koti. Mzee Kanti akamwambia, "Imbisha." Mwalimu akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kupunga mikono katikati ya duka, na sisi kwenye vyerehani tumejiuma midomo tusicheke. Mzee yeye anampima mgongo. Akaniita. "Binti, ona. Mikono ikienda mbele, mgongo unapanuka. Mtu akisimama kama mlingoti, mwili wake unakudanganya. Mpime akiwa kazini."

Hilo ndilo somo lote. Mengine ni uzi na pasi.

Mwanaidi aliingia dukani siku moja na gauni kwenye mfuko wa rambo. Msichana mwembamba, kilemba kimekaa upande. Gauni alishonewa kwingine, limepasuka kutoka bega mpaka kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepigana?"

"Nimeimba."

"Kuimba hakuchani nguo mgongoni."

"Na nilikuwa napiga gitaa."

Tukainua vichwa wote. Siku hizo mwanamke wa bendi alikuwa anashika maikrofoni na kiuno chake. Gitaa lilikuwa la wanaume, kama ngazi ya kuezekea bati.

"Gitaa liko wapi?" Mzee Kanti akamuuliza.

"Nyumbani, Ilala."

"Kalilete."

"Mzee, ni kurudishia mshono tu."

"Kalilete."

Akaenda. Akarudi jasho linamtoka, gitaa amelibeba mgongoni kwa khanga kama mtoto. Akasema njia nzima akina mama walikuwa wanamuuliza mwanawe anaumwa nini. Mzee Kanti akamwambia asimame na apige. Akapiga pale pale dukani, gitaa la umeme lisilo na umeme, linalia kama mbu. Mimi ndiye niliyeshika tepu. Mgongo wake ulikuwa unaongezeka inchi mbili nzima kila alipopeleka mkono mbele. Kiwiko cha kulia kinanyanyuka juu ya gitaa. Mkanda unakula bega la kushoto. Yote hayo usingeyaona akiwa amesimama tu anakutazama.

Hivyo, nyie mafundi wachanga, andikeni kama mnaandika. Mgongo uongeze. Chini ya kwapa usiunganishe mkono na kiwiliwili moja kwa moja, tia kipande kidogo cha pembe nne katikati, mkono upate kupanda bila kulivuta gauni zima. Bega la kushoto tia kitambaa kigumu ndani, mara mbili, la sivyo mkanda utalimaliza kwa miezi michache. Bitana iwe ya pamba, jukwaani mtu anatoka maji kama bomba. Na mbele pasiwe na kitu.

Hilo la mbele tulilijua kwa hasara. Gauni la kwanza nililomshonea nilitaka lipendeze, nikampangia vifungo vya shaba kutoka kifuani mpaka chini, vinang'aa hivyo. Alirudi siku ya pili hata salamu hakutoa. Akaliweka gitaa mezani, akaligeuza. Mgongo mzima wa gitaa umechorwa mistari kama ukuta wa jela.

"Mama Zuhura, umenishonea gauni au msasa?"

Mzee Kanti alicheka mpaka akavua miwani. Hatukuwahi kumsikia akicheka. Tangu siku ile zipu nikaipeleka ubavuni, na mbele nikapaacha papo tupu kama meza.

Sasa niwaambie Chachandu walikuwa watu gani, maana nyie mnawajua kwa jina tu.

Walikuwa wanne. Mwanaidi anaimba na kupiga gitaa la mbele. Gido anapiga besi, mtu mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Kulikuwa na kijana wa gitaa la pili na mwingine wa dramu. Tarumbeta hawana, kinanda hawana, wanenguaji hawana. Na kubwa kuliko yote, tajiri hawana. Mtanishangaa, lakini bendi nyingi za mjini zilikuwa na mwenye vyombo. Gitaa si lako, spika si yako, hata nguo ya jukwaani si yako. Mwenye vyombo akikasirika, bendi imekwisha, mnatafuta kibarua. Chachandu walinunua vyao kimoja kimoja. Spika lao lilikuwa bovu, limeshonwa na fundi redio kwa gundi na kitambaa cha soksi, na lilikuwa na tabia ya kukoroma likipata joto. Lakini lilikuwa lao. Nyimbo walitunga wenyewe, walirekodi wenyewe kwenye kanda, na kanda waliziuza wenyewe kwa kutembea nazo sokoni.

Walifanya mazoezi uani, nyumba ya kupanga, si mbali na Mchikichini. Nilikuwa napeleka nguo, nakuta akina mama wa soko wamesimama mlangoni na mizigo vichwani, hawaitui, hawaendi. Bendi nyingine wimbo mmoja unaanza, unaenda, unapumzika, unarudi, chai inapoa. Wao wimbo unaingia, unakuambia jambo, umekwisha bado unautaka. Gitaa jepesi, linakimbia, kama mtu anashuka ngazi bila viatu. Na Mwanaidi hakuimba mapenzi ya kuzimia. Aliimba mwenye nyumba anayefunga maji. Aliimba mama anayemsubiri fundi cherehani mkesha wa Idi, fundi anamwambia "kaa, namalizia upindo," na gauni halijakatwa hata. Nilijua wazi ananisema mimi. Wanawake wote wa Kariakoo walijua. Walikuwa wananiimbia barazani.

Mimi si mtu wa kusifu ovyo, waulizeni wanangu. Lakini yule msichana nilimwona akirudia kipande kimoja cha gitaa mchana kutwa, vidole vimevimba, na wenzake wamelala kwenye mkeka. Hakuwa na kipaji cha kushushiwa. Alikuwa na kazi. Mtu wa hivyo namheshimu, awe mwimbaji awe muuza dagaa.

Na angalieni kilichofuata. Mwanaidi aliomba mfuko kwenye gauni, wa kutilia kile kijiplastiki cha kupigia gitaa, maana alikuwa anakiweka mdomoni na siku moja nusura akimeze. Nikamtilia mifuko miwili. Basi wauza vitambaa wakamwona. Mama mmoja Mchaga aliyekuwa na duka la jumla jirani yetu akaja. "Mama Zuhura, nishonee hilo la Chachandu." Nikamwambia wewe hupigi gitaa. Akasema, "Napandisha majora ya vitambaa rafu ya juu kuanzia asubuhi. Nguo zangu zote zimechanika makwapa. Na funguo nazitia kifuani kama mwizi." Akaja mwingine, anayetundika nguo kwenye kamba. Akaja mwuguzi. Ndiyo ukawa mshono wa mji, mkono wa Chachandu: kwapa huru, mgongo una nafasi, mifuko miwili. Mpaka leo unashonwa. Juzi nilimuuliza fundi mmoja Mchikichini kwa nini unaitwa hivyo, akanijibu bila aibu ni kwa sababu wa kwanza ulikuwa mwekundu kama chachandu ya mihogo. Sikumsahihisha. Alikuwa ameukata vizuri.

Upande wa muziki nitasema ninachokiona. Neema, binti wa mama mihogo aliyekuwa akikaanga nje ya ua ule wa mazoezi, alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anamtazama Mwanaidi vidole. Leo ni mtu mzima, anapiga gitaa kwenye maharusi, bendi ni yake, vyombo ni vyake, na wapigaji wawili amewaajiri. Anasimama miguu imeachana kidogo, kichwa upande, kama Mwanaidi. Wasichana wanaojifunza kwake nao wanasimama hivyo hivyo, na Mwanaidi hawajapata kumwona. Nikisikia redioni wimbo mfupi, gitaa linakimbia, mwanamke anaimba habari za kodi na maji, najua umetoka ua gani.

Lakini kidogo yote hayo yasiwepo. Hili ndilo nililotaka kuwaambia.

Ulifika wakati spika lao likafa kabisa. Fundi redio alilifungua, akalifunga, akasema tulizike. Gido alikuwa amepata mtoto. Wale wawili wengine walikuwa wameshaanza kunong'ona habari za bendi nyingine. Hapo ndipo tajiri mmoja mwenye ukumbi akawaita. Jina lake halina faida kwenu. Akawaambia atawapa vyombo vipya na Jumapili zote alasiri ni zao. Sharti moja. Mwanaidi aache gitaa, aimbe na kupendeza. Gitaa atapiga mpwa wake.

Mwanaidi akakubali. Msimlaumu. Watu watatu walikuwa wanamtazama mdomoni.

Tajiri akaja kwangu mwenyewe. Wakati huo Mzee Kanti alishastaafu, mwanawe anauza vitambaa upande mmoja wa duka, upande wa pili nimepanga mimi na vyerehani vyangu. Akaniwekea satini ya bei mbaya mezani. Akanichorea kwa kidole: marinda magumu kifuani, mapana, yamesimama. Mikono ibane mpaka kwenye kiganja. Chini ibane mpaka kwenye kifundo cha mguu.

Nikamwambia, "Bwana, hilo gauni mtu hawezi kushikia kitu."

Akacheka. "Ndiyo maana nimekuja kwa fundi mzuri. Libane."

Mwanaidi akaja kupimwa. Akasimama katikati ya duka, mikono chini.

"Gitaa liko wapi?"

"Leo halina kazi, Mama Zuhura."

"Haya. Nionyeshe utakachokuwa unafanya jukwaani."

"Nitaimba."

"Imba."

Akaanza kuimba polepole, mimi nimeshika tepu. Mkono wa kulia ulitulia. Wa kushoto haukutulia. Vidole vilikuwa vinabonyeza hewani, kimoja, viwili, vinahama, vinarudi, na yeye mwenyewe wala hana habari. Nikauacha uendelee. Kisha nikamgusa.

"Na huu mkono unafanya nini?"

Akautazama kama amekuta mkono wa mtu mwingine. Akauficha nyuma.

"Mama, pima tu."

"Nitaupimaje mkono unaotembea?"

"Gido ana mtoto mchanga. Spika limekufa. Unataka niwaambie nini wenzangu, kwamba vidole vyangu vinawasha?"

Nikampima mikono ikiwa chini, kama tajiri alivyotaka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa pana heshima ya kazi. Satini ilikuwa ya tajiri, na oda ilikuwa ya tajiri. Fundi haharibu kitambaa cha mtu kwa sababu hampendi. Nililishona lile gauni kwa adabu zote. Marinda niliyatia kanvasi yakasimama kama kabichi. Mikono niliibana. Huwezi kuniambia kuna mshono umepinda. Halafu nikachukua kitenge changu mwenyewe, nikafungua vile vipimo vya gitaa ambavyo sikuwahi kuvisahau, nikashona jingine. Sikumwambia mtu.

Jumapili alasiri nikayapeleka yote mawili. Chumba cha kuvalia kilikuwa stoo ya kreti za soda nyuma ya ukumbi. Nikayatundika kwenye misumari miwili, nikakaa juu ya kreti. Mwanaidi akayaona. Akaniangalia. Akavaa la tajiri, maana alikuwa ametoa neno lake.

Nikamfunga zipu. Lilimkaa, sisemi uongo. Alikuwa kama keki ya harusi. Akataka kurekebisha kilemba, mkono ukafika usawa wa kidevu, ukagoma. Akajaribu wa pili. Ukagoma.

"Mama Zuhura, hata kichwa changu sikifikii."

"Ulivyopimwa ndivyo ulivyo."

Ukumbini mpwa wa tajiri, kijana wa miwani myeusi ndani ya nyumba, alikuwa anajaribu gitaa. Alianza ule wimbo wa mkesha wa Idi. Alijua kupiga, simnyimi haki yake. Lakini alikuwa anaupiga kama mtu anayehamisha kabati. Gido akaingia stoo kuja kumwita Mwanaidi, besi begani. Akamkuta amesimama, mikono imekwama mbele yake, anasikiliza. Akaona na la pili msumarini. Mtu yule, nimewaambia, maneno yake ya kuhesabu.

"Hilo jingine la nani?"

Mwanaidi akalitazama lile la kitenge.

"Mwana," akamwambia, "vua hilo kabichi."

"Na mtoto wako?"

"Mtoto ananyonya kwa mama yake, hanyonyi spika. Vua. Gitaa lako liko kwenye gari la mkaa nje, nililibeba."

"Ulilibeba kwa nini?"

"Nimezoea kulibeba."

Akatoka. Nikamfungua zipu. Kitenge kikapita kichwani kwake, akanyanyua mikono yote miwili juu kabisa, akajifunga kilemba mwenyewe.

Tajiri alikuwa mlangoni anapokea watu. Aliposikia gitaa limebadilika akaja mbio, lakini ukumbi ulishanyanyuka. Wauza mitumba, mafundi, mama Mchaga na mifuko yake miwili, wote wako katikati. Mpwa wake mwenyewe alikuwa amevua miwani, anatazama vidole vya Mwanaidi. Tajiri akasimama pembeni mpaka mwisho. Watu walipokwisha kutoka, akawaambia, bila kupiga kelele, vyombo vyangu msiviguse tena na hapa msirudi. Hawakurudi. Wakaenda kumbembeleza fundi redio alifukue lile spika.

Siku chache baadaye tajiri akaja dukani kwangu. Nilikuwa nimelikunja gauni lake, nimelipiga pasi, nimelitia kwenye mfuko. Nikampa.

"Limevaliwa?"

"Limejaribiwa."

Akalitoa, akaligeuza, akatafuta kasoro. Hakuiona. Akakaa kwenye benchi la wateja. Kisha akaniuliza, sauti ya chini, kama nina njia ya kulifungua makwapa. Amepata mwimbaji mwingine, naye huyo anasema hapandi jukwaani mpaka aje na gitaa lake.

Nikaugeuza mshono nikamwonyesha. "Halifunguki, bwana. Uliniambia nilibane. Kitambaa cha ziada sikuacha."

Akalikunja mwenyewe, vibaya, akalitia kwapani, akaondoka. Alasiri ile ile nilipita uani kupeleka nguo. Spika linakoroma, Gido ameketi kwenye ndoo, na mwenye gitaa alikuwa Mwanaidi.